Mahari pa Kukaa

Matisi, Kitale
14 Machi 1992

Senge,

Kabla ya salamu, shangazi yangu, nina neno ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Nimejaribu kuanza kwa kukusalimu kama inavyopasa na kila nikiandika "hujambo" mkono unakataa, kwa sababu jambo lenyewe linahusu salamu, na aliyefanya nilichofanya mimi hawezi kumwamkia mtu mzima hivi hivi kana kwamba hakuna kitu. Senge, nimemkana mtu. Aliniamkia mbele ya watu nikasema simjui.

Sasa limeshatoka, naweza kukusalimu. Hujambo? Jikoni kwenu shuleni hawajambo? Huku sisi tuko. Mama anaendelea na mgongo wake. Baba bado yuko kwa ile mashine ya kusaga mahindi, anarudi mweupe kama mtu aliyeanguka kwenye gunia la unga. Matokeo ya Form Four yalitoka. Si ya kunifikisha chuo kikuu, lakini Kiswahili nilipata A, na Kiingereza B, nawe ndiye wa kwanza nje ya nyumba hii kuambiwa. Jamaa za Mama walishuka kutoka upande wa mlimani na magodoro yao, tunalala nao sebuleni. Wanasimulia moshi. Kuna shangazi mmoja, blanketi lake limeungua upande mmoja, na hataki tulifue.

Mtu mwenyewe ni Chepchumba. Nilikutajia wakati wa Krismasi, yule fundi wa pale kwa Mama Wakonyo ninapojifunza kushona sare za shule. Si mkubwa sana, ana mtoto mmoja wa darasa la pili na hana mume. Mama Wakonyo alinikabidhi kwake nikiwa sijui hata kutia uzi kwenye sindano ya cherehani. Nikikosea wengine hucheka. Yeye hafundishi kwa mdomo. Anashona mkono wa kushoto wa shati, anaukata uzi, ananisukumia shati lote na kusema, "Mtazame huyu, umshonee ndugu yake." Basi mkono wa kulia unakuwa wangu. Tangu Desemba hakuna shati lililotoka pale bila mkono wake mmoja na wangu mmoja, na ukiwavisha watoto huwezi kujua upi ni wa nani. Mimi ambaye shuleni sikuwa nikiinua kidole hata kama najua jibu, pale nilikuwa naongea.

Na kila asubuhi yeye ndiye husema "Mulembe", salamu ya kwetu, na mimi nasema "Chamgei", ya kwao. Ilianza kama mchezo. Mama Wakonyo akawa anatuambia, "Ninyi wawili mmeazimana midomo."

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwa mfereji wa maji ya bomba karibu na soko, foleni ndefu, mama wa kwetu tu, na yule shangazi wa blanketi pia. Walikuwa wanaongea habari za "watu hao", watu wa kabila la Chepchumba, kwamba ndio waliowachomea nyumba kule mlimani. Chepchumba akaja na mtungi wake. Aliponiona uso ukafunguka, akasema kwa sauti, vile anavyosema kila siku, "Mulembe, Peris." Wote wakageuka. Wakamtazama yeye, halafu mimi.

Nikamjibu kwa Kiingereza. Nilisema, "Excuse me?" Kama mtu aliyekanyagwa na mgeni.

Alifikiri sikusikia. Akairudia, polepole sasa. Nikainama kama ninayefunga kamba za viatu, Senge, na nilikuwa nimevaa patapata. Shangazi akaniuliza, "Unamjua huyo?" Nikasema, "Hapana."

Hakuteka maji. Aliondoka na mtungi mtupu.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa najua. Siku mbili kabla aliniambia kwamba nyumba ya kaka yake, kule juu upande wa Endebess, nayo iliteketea. Aliniambia macho yakiwa kwa sindano, na nilimshikia uzi mpaka alipomaliza.

Jumatatu alikuja kazini. Hakuniamkia. Akashona mkono wa kushoto, halafu akaligeuza shati akashona na wa kulia.

Nasikia viatu vya Baba uani. Naificha hii chini ya godoro. Unajua jinsi jina lako linavyonyamazisha nyumba hii. Niambie nifanye nini.

Peris

*

Bungoma
2 Mei 1992

Peris mwanangu,

Mulembe. Narudia, mulembe. Na ya tatu nakupa uibebe, ujue mwenyewe wa kumpelekea.

Nisalimie mama yako na mgongo wake, mwambie asiinue maji kwa mkono mmoja. Nisalimie wadogo zako wote, na yule wa mwisho aliyenitapikia wakati wa mazishi ya mama yangu, Kukhu yenu, mwambie nguo ile bado ninayo. Wasalimie wageni wenu, hasa yule mwenye blanketi, mwambie pole kutoka kwa mtu asiyemjua. Hongera ya A. Mimi Kiswahili changu kiliishia darasa la saba, na barua hii inapitiwa na binti mmoja wa Form Two ambaye ananirudishia r na l zangu mahali pake. Nampa ukoko wa ugali, tumeelewana.

Nimechelewa kwa sababu surua iliingia bwenini, tukawa tunapika uji mchana kutwa. Halafu, nisikudanganye, barua yako niliisoma nikaiweka.

Umeniuliza ufanye nini. Mimi ni mpishi, sina la mimbarini. Nitakuambia la jikoni.

Ugali wa shule nzima hausongwi na mtu mmoja. Sufuria ni kubwa kuliko meza yenu. Tunasimama wawili, uso kwa uso, kila mtu na mwiko wake mrefu kama jembe, mmoja anavuta na mwingine anasukuma. Mwenzangu anaitwa Chepkemei. Naye ni wa huko mlimani, kabila moja na huyo Chepchumba. Mwezi wa pili, habari zilipoanza kufika, tuliacha kuongea. Hakuna aliyemkosea mwenzake. Kila mmoja alikuwa anangoja aone mwenzake atakuwaje. Basi mimi nikivuta na yeye anavuta, nikisukuma na yeye anasukuma. Wasichana wakala madonge wiki nzima, na mmoja akaniletea donge kwenye sahani kuniuliza kama ni nyama.

Mimi ndiye niliyesema kwanza. Si kwa sababu nina roho safi. Mvuke ulikuwa unaniunguza uso na sikuona anaelekea wapi. Nikasema, "Vuta." Akavuta. Hiyo ndiyo salamu tuliyokuwa nayo siku hiyo, na ugali ukaiva.

Kwa hiyo usikae ukitafuta maneno mazuri. Kesho asubuhi, kabla hajakaa kwa mashine yake, mwamkie. Akinyamaza, mwamkie kesho kutwa. Wewe ndiye uliyeuangusha mwiko.

Mimi shangazi yako,
Nasimiyu

*

Matisi, Kitale
31 Mei 1992

Senge,

Mulembe. Wote hawajambo, na mgongo wa Mama umepata nafuu baada ya mvua kupungua. Mahindi ya jirani yamefika kiunoni. Wale wageni wetu wamepata chumba karibu na kanisa, kwa hiyo nina kona yangu tena.

Salamu zako nimezifikisha. Nilimpa Mama jikoni kwa sauti ya chini, jina kwa jina kama ulivyoziandika. Nje Baba alikuwa ananoa panga kwa tupa. Nilipoanza, tupa ikanyamaza. Nikaendelea mpaka jina la mwisho. Ndipo tupa ikaanza tena. Senge, nimezitoa barua zako zote tangu nikiwa Form One nikazisoma upya. Unasalimia hadi jogoo. Baba hujawahi kumsalimia hata mara moja. Mama ananiambia tu kwamba siku ya kumzika Kukhu mkono mmoja ulinyooshwa na mwingine haukupokea, lakini hasemi upi ni upi. Kwa nini?

Kuhusu lile jambo letu, nina aibu kukuandikia. Barua yako iliponifikia Chepchumba alikuwa ameshaacha kuja. Hata kabla ya hapo tulikaa wiki nyingi meza moja, magoti karibu kugusana, na kila asubuhi niliifanyia mazoezi ile salamu njiani, kutoka hapa Matisi hadi mlangoni kwa Mama Wakonyo, na nikifika naikuta imekwisha mdomoni. Nilikuwa nangoja aniangalie kwanza. Hakuniangalia.

Siku moja hakuja. Wala kesho yake. Mama Wakonyo alimngoja, halafu akasema kazi za shule haziwezi kulala, akaniambia nihamie kwa mashine ya Chepchumba, ile ya dirishani. Nilitaka kusema hapana. Nikakaa. Kiti kilikuwa kimewekewa kitambaa alichokunja yeye mwenyewe.

Kwenye droo nilikuta shati la kijani lenye mkono mmoja. Wa kushoto. Sijui kama aliniachia au hakuwahi kulimaliza. Nikaifunga droo.

Sasa nashona mikono yote miwili na haifanani. Juzi mama mmoja alirudisha shati, akasema mkono mmoja umepanda, mtoto wake anaonekana kama anauliza swali wakati wote. Mama Wakonyo alicheka na mimi nikacheka.

Halafu kuna hili, nalo ndilo limemaliza mambo. Juzi tukiwa tunakula, Baba alisema bila kumtazama mtu, "Yule mwenzako wa kushona amepata mahari huko Kibomet." Akamega ugali, basi. Unamjua, ukimwuliza swali anakutazama kama umemwibia. Sikuuliza.

Kwa hiyo ameolewa, Senge. Ana watu wake sasa, na mke wa mtu huwezi kumwendea tu na kumwaga mambo ya zamani nyumbani kwake. Nilipolisikia hilo nilihisi mzigo umeshuka mabegani. Ndivyo ilivyo, nilifurahi. Halafu nikatoka nje nikajifanya naosha sufuria, kwa sababu furaha yenyewe haikuwa ya harusi yake.

Nadhani imekwisha.

Peris

*

Bungoma
25 Julai 1992

Peris,

Mulembe. Nisalimie mama yako na watoto. Leo naandika bila mtu wa kunisahihisha, binti yule ana mtihani, kwa hiyo ukikuta r imekaa kwenye kiti cha l, iache ipumzike.

Hilo uliloniuliza la baba yako, nina maji ya moto juu ya meko, siwezi kuliandika.

Lakini nakuuliza mimi. Ni nani aliyekuambia habari za mahari? Umesema ni baba yako. Baba yako huyu huyu, mtoto wa mama yangu, ambaye darasa la tatu alisimama kusoma "Nipe kalamu" akasema "Nipe karamu", na mwalimu akamuuliza kama anataka na wali, na wakamwita Karamu mpaka akaota ndevu? Huyo ndiye aliyesema mahari?

Na mimi mwenyewe umenisahau. Mwaka wa themanini na tisa niliwaandikia kwamba nimepata mahari hapa Kanduyi, pazuri, karibu na kazi. Mama yako akaninunulia kitenge cha bibi harusi. Ninacho mpaka leo, nimekifanya pazia.

Wewe una A ya Kiswahili. Umekaa na ndimi zetu tangu uzaliwe na hujawahi kukosa kutuelewa, hata tukisema tunaenda kurara unajua ni kulala. Siku hiyo moja masikio yako yalikuwa wapi?

Sikugombezi. Nauliza tu, na jibu ujipe mwenyewe.

Nasimiyu

*

Matisi, Kitale
16 Agosti 1992

Mulembe Senge,

Sisi hatujambo. Mahindi yametoa nywele, na watoto wako likizo, kwa hiyo hakuna kitu kinachokaa mahali kilipowekwa. Mama amecheka habari ya pazia hadi mgongo ukamrudia.

Jibu nimejipa. Nilisikia nilichotaka kusikia. Shuleni nilikuwa nikiwasahihisha wenzangu hata kimoyomoyo, hakuna r iliyonipita. Lile neno nililiacha lipite kwa sababu lilinipa ruhusa ya kutokwenda. Nimekaa nalo siku nyingi kabla ya kuandika sentensi hii.

Jumatano nilimpelekea Baba chakula kazini. Mashine ilikuwa imezimwa, mkanda umekatika, wanangoja mwingine. Alikuwa ameketi juu ya gunia. Nikamwekea sahani, nikasimama. Nikasema, "Baba, ile siku ulisema mahari au mahali?"

Akanitazama. "Si nilisema? Mahari."

"Ya kuolewa?"

"Nani aolewe? Mahari pa kukaa. Kachumba kamoja nyuma ya duka la mafuta ya taa. Ana mashine yake ya kushona, ya zamani lakini inaenda."

Nikamuuliza amejuaje. Akasema Chepchumba huleta mahindi yake pale kusaga, tangu mwaka jana, na hata zile siku mbaya hakuacha. "Hunisalimu. Ati mulembe. Namjibu." Aliyasema haya akitafuta nyama kwenye mchuzi, kama anayezungumzia mvua.

Nikasema hakuniambia. Akasema sikuuliza. Halafu akajipangusa unga kwenye kope, akasema, "Aliwahi kuuliza hali yako. Nikamwambia wewe siku hizi unasalimu kwa Kizungu."

Senge, Baba anajua. Tangu mwezi wa tatu anajua, labda yule shangazi alimwambia akidhani ananisifu. Na muda wote huo nilikuwa naficha karatasi chini ya godoro kwa ajili ya mtu aliyekuwa akijibu salamu niliyoikataa mimi. Nilitaka ardhi ya pale kwa mashine inisage.

Alhamisi baada ya kazi nikalitoa lile shati la kijani kwenye droo na kwenda Kibomet. Chumba nilikiona kwa mlio wa cherehani. Mlango uko wazi, yeye amekaa dirishani kama alivyokaa kwetu, amepungua. Hakuwa na mteja. Aliniona, mguu haukuacha kukanyaga.

"Karibu, mteja," akasema.

Nikasema, "Chamgei." Ilitoka nusu.

Akashona hadi mwisho wa mshono, akaukata uzi kwa meno. Ndipo akasema, polepole kabisa, hakuwa hata na hasira, "Hapa ndani ni rahisi, Peris. Hapa hakuna mtu."

Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya pole, ya Kiswahili cha A, na yote nikayaona kuwa ni ya ndani ya chumba. Nikaweka shati mezani. Akaligeuza, akaona mkono wa kushoto, akaona pengo la kulia.

"Mwenye hili ameshakua," akasema. "Liache hapo."

Nikaliacha. Sijui kama kuliacha ni jibu. Sikulala vizuri. Najua anachotaka na ndicho nisichokiweza. Unanijua, Senge, mimi hata kanisani nikiombwa kusoma neno sauti inaingia ndani. Pale kwa mfereji, mbele ya wale mama, afadhali niambiwe nikatambae hadi Webuye.

Peris

*

Bungoma
19 Septemba 1992

Peris mwanangu,

Mulembe. Shule imefunguliwa, wasichana wamerudi na njaa ya nyumbani. Chepkemei yuko likizo, amekwenda kuona kilichobaki cha boma lao. Nimepewa kijana wa kunisaidia kusonga, ana nguvu lakini hana masikio, namwambia vuta anasukuma. Ndiyo maana barua ni fupi, mkono unauma.

Alichokuambia huyo dada ni kweli na unajua ni kweli. Kitu kikianguka kwa mfereji hukiokoti Kibomet. Na wewe si mtu wa kelele, hakuna aliyekuagiza kupiga kelele. Sema kama ulivyozoea kumwambia yeye tu, ila usimame pale.

Nisalimie mama yako. Nisalimie watoto. Nisalimie Mama Wakonyo aliyekupa kazi. Nisalimie huyo Chepchumba, kama atapokea.

Barua hii ilikaa siku tatu ikiwa imekunjwa, sasa nimeifungua tena kwa kalamu nyingine. Umeniambia baba yako huwajibu watu salamu. Hilo sikuwa nikilijua. Nilikuwa nadhani najua yote juu ya mkono wake.

Mwambie jikoni kwangu kuna mahari pa kukaa. Umfikishie hivyo hivyo, usisahihishe.

Nasimiyu

*

Matisi, Kitale
4 Oktoba 1992

Mulembe Senge, wewe na jikoni yako na yule kijana asiye na masikio.

Huku tunavuna kwa jirani, tunalipwa mahindi mabichi, nyumba nzima inanuka makaa na tumechoka vizuri. Mama hajambo. Mama Wakonyo anarudisha salamu, anauliza kule shuleni mnashona sare wapi. Huyo biashara haimlali.

Jana ilikuwa Jumamosi. Nilikwenda kwa mfereji asubuhi na kujaza mtungi, na ulipojaa sikuondoka. Nikauacha, nikasimama kando. Mama mmoja akaniuliza kama nimepoteza kitu. Yule shangazi wa blanketi alikuwepo pia, na nilimwamkia kwa adabu, kwa sababu hana kosa, hata mimi ningepoteza nyumba sijui ningeongea vipi. Nilingoja hadi jua likaanza kuchoma shingo. Nusu yangu ilikuwa inaomba asije.

Akaja. Alikuwa na mtungi na mtoto wake amemshika sketi. Aliponiona hakuunyoosha uso wala hakuukunja. Alikuja tu kama mtu anayekuja kuteka maji.

Nikasema, "Chamgei, Chepchumba."

Nilidhani nimepiga yowe. Kumbe nilinong'ona, kwa sababu mama wawili wa nyuma waliendelea na hadithi yao. Basi ikabidi niseme tena, na ya pili, Senge, ndiyo iliyokuwa ngumu, kwa sababu ya kwanza mtu anaweza kuisema kwa bahati mbaya. Nikaisema. Hadithi ikakatika. Maji yakawa yanamwagika kwenye ndoo ya mtu na hakuna aliyefunga. Shangazi akanitazama muda mrefu, akasema, "Kumbe unamjua."

Nikasema, "Ndiyo. Ndiye aliyenifundisha kushona. Ile siku nilidanganya."

Sikuweza kumtazama usoni Chepchumba, nilimtazama mtoto. Mtoto amevaa shati la kijani. Limembana kidogo kwapani, lakini lina mikono miwili, na wa kulia si kazi yangu.

Chepchumba aliweka mtungi kwenye foleni, mahali pake, nyuma ya wote. Nikadhani basi, nimelipwa, ndivyo inavyostahili.

Halafu akasema, "Mulembe."

Hakutabasamu. Hakuongeza jina langu kama zamani. Sijui kama kutakuwa na zaidi ya hapo, na sikumuuliza. Shangazi ndiye aliyesogeza ndoo yake kando kidogo, labda kwa ajili ya mtungi wa Chepchumba, labda maji yalikuwa yanamrukia. Nikaubeba wangu nikaenda nyumbani. Njiani niligundua nimelowa bega zima na sikuwa nimesikia baridi.

Yako imebaki, ile uliyonituma kwa Baba. Nimeibeba tangu barua ilipofika na mara nyingi nimefungua mdomo mezani nikaishia kuomba chumvi. Naona salamu zote hunitoka kwa shida, za kwangu na za watu.

Naandika mezani, si kwa godoro. Nasikia viatu vya Baba uani, anavikung'uta unga kwenye jiwe la mlango, anavyofanya siku zote kabla ya kuingia. Kwa kawaida huo ndio muda ninaoutumia kuficha. Barua yako iko hapa kando, imefunguliwa upande wa ile kalamu nyingine, neno lako likiwa juu na r yake. Hii yangu nimeilalia kwa kiganja.

Amesukuma mlango. Nimeondoa mkono.